Mashini imenifungia inje

Nyabiondo, siku ya ine, mangaribi

Na kosa ni yangu. Jana nilitia ordinateur, mashini ya kazi ku shule yetu, mu Kingereza, kwa kujifunza kidogo tu, ili siku moja nitoke huku. Leo asubui ikakatala mot de passe yangu, ile neno ya siri ya kuifungua: zawadi, jina ya mama. Mara ine!

Papa Préfet, mukubwa wa shule, alisimama ku mulango. "Dada, pikipiki ya kwenda Masisi inangoja liste ya majina. Bila liste, batoto habatafanya egzame."

Nikaandika ile jina pa nafasi ingine, kwenye herufi zinaonekana. Ikatoka wqzqdi. Njo nikaelewa: mashini yetu ni ya Kifaransa; mu Kingereza, herufi zinahama pahali. Nilipotaka A nikafinya Q, nilipotaka Z nikafinya W, na W nikafinya Z, ikafunguka.

Liste ilienda. Nilipumua.

Kisha nikarudisha Kifaransa, mashini ikauliza niko wapi, ili ipange saa. Miji ya dunia yote ikapita chini ya kidole yangu, na mimi, tangu barabara ifungwe na pikipiki moja moja tu kupita, sijafika ata Kashebere hapa karibu. Nikatafuta Nyabiondo. Masisi. Ata Goma. Hakuna.

Nikafinya Lubumbashi, kule mbali sijafika. Mashini ikaamini.