Kidole Changu Juu ya Kichwa cha Kalisti

Ipuli, Jumamosi, mwezi wa saba

Leo kipupwe kimeamka kabla yetu. Upepo unapita juu ya paa la nyasi kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau, na vumbi jekundu la njia limeingia mpaka ndani ya mtungi.

Kalisti amelala mapajani mwangu ninapoandika haya. Kichwa chake kimenyolewa chote, kinang'aa kama yai, na juu ya sikio la kushoto pana alama nyembamba kama uzi. Siachi kuitazama.

Alama hiyo nimeiweka mimi.

Mama mkwe alifika jana kutoka Choma, kuja kumnyoa mjukuu wake nywele za tumboni. Kwao hiyo ni kazi ya bibi mzaa baba, mwingine haigusi. Mama wa mtoto hukaa pembeni na bakuli la maji, basi. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa bakuli. Tangu niolewe, mama huyu hunipokea vizuri, hanisemi vibaya, ila hunipokea kama mgeni. Nikienda Choma ananipa kigoda. Mwiko hanipi.

Jana alipompokea Kalisti hakumtazama. Alimpapasa uso kwa vidole, polepole: pua, nyusi, kidevu. Ndipo nilipojua. Mume wangu alipotoka nje, mama mkwe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba macho yake yameingia ukungu tangu masika, na kwamba kesho wembe nitaushika mimi.

Niliitikia tu.

Asubuhi nikamwomba mume wangu anikubalie nijifunzie kwenye ndevu zake. Tangu vita viishe, nyembe zimeanza kuonekana tena katika duka la Mhindi, naye ana mpya mmoja; huo tuliuweka wa mtoto, mimi nikachukua wa zamani. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, amevaa suruali yake ya kaki ya reli, akainua uso akafumba macho. Mashavu yalikwenda vizuri. Chini ya kidevu mkono ukateleza. Tone moja likatoka, kisha jingine, kama yanaulizana njia.

Yeye hakushtuka. Aliniambia nilete shabu, lile jiwe jeupe analonunua kwa kinyozi wa sokoni, ambalo likilowana na kupakwa kwenye mkato hufunga damu. Nikakimbilia rafuni. Wiki nzima nilikuwa nikipanga nyumba kwa ajili ya ugeni, makopo yote nimeyahamisha, na jikoni mlikuwa na moshi. Nikashika jiwe jeupe, nikalilowesha, nikampaka.

Aliinuka kwenye kinu kama aliyeitwa.

Yalikuwa magadi. Magadi yangu ya mlenda. Mume wangu alizunguka ua wote akiwa na povu upande mmoja wa uso, akarudi, akakaa, machozi yakimlengalenga.

"Ongeza na karanga basi," akasema, "niwe mboga kamili."

Kutoka jikoni mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kusikia kicheko chake kabla ya leo. Ni kicheko cha msichana.

Tuliosha magadi kwa maji mengi. Shabu, nilipoipata, aliikataa. Alisema mawe yangu yote ameshayaogopa. Akataka kitambaa safi tu, nikakibana pale penye mkato. Kila mara nilitaka kukiinua nione, naye kila mara akanishika mkono. Ukichungulia, alisema, unapafungua upya. Basi nikatulia, pumzi yake ikinigusa kwenye kiwiko, gari moshi la Kigoma likipiga honi mbali. Nilipokuja kuinua, palikuwa pamekauka. Nikachemsha kitambaa kingine kwa ajili ya Kalisti, kwa tahadhari.

Tukaketi uani penye jua. Mama mkwe alimpakata, mimi nikapiga magoti mbele yao. Nywele zilidondoka juu ya khanga, laini kama manyoya ya kifaranga. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana. Mbuzi wa jirani akalia, Kalisti akageuza kichwa kumtafuta.

Wembe ukamkata juu ya sikio. Alilia yeye, nikalia na mimi ndani kwa ndani.

Mama mkwe aliusikia unyevu kwenye kidole chake. Mkono wake mwingine ukaenda moja kwa moja nyuma, kwenye chungu, kuchukua masizi ya chini, maana ndivyo walivyoziba damu kwao siku zote. Nikaona masizi, nikaona kichwa cha mwanangu. Kumkataza mama mkwe, kwenye kazi yake, juu ya mjukuu wake! Lakini kitambaa kilikuwa tayari chini ya kidole changu.

"Mama, masizi tuyaache kidogo. Nimeshabana."

Mkono wake ukabaki hewani. Nilidhani ataniambia nimrudishie wembe nikashike bakuli langu. Kisha ukashuka, mzito, mkavu, ukatua juu ya mkono wangu.

"Basi tubane wote," akasema.

Tukakaa hivyo. Sijui muda gani. Chini ya kidole changu kichwa cha Kalisti kilikuwa kinadunda taratibu, na nyuma ya ua njia ile ya zamani ya misafara ilikuwa nyeupe kwa jua. Babu yangu mzaa mama aliipita akiwa mpagazi, mpaka pwani na kurudi. Nikawaza, aliporudi na nywele zake zimejaa vumbi la safari, ni nani aliyemnyoa? Ni kidole cha nani kilichomtulizia damu? Nikaona kama njia yote imejaa wanawake waliopiga magoti, kila mmoja na kichwa cha mtu wake mikononi.

"Imekauka?" mama mkwe akauliza.

"Sijachungulia, mama."

"Usichungulie."

Nilipoinua kitambaa, palibaki uzi tu. Kalisti alikuwa amelala.

Mama mkwe alizifunga nywele zile kwenye ncha ya khanga yake. Halafu, bila kunigeukia, akavua kilemba. Kichwa chake kilikuwa cheupe kwa mvi, na kati ya mvi nikaona madoa madogo meusi, mengi, masizi yaliyobaki chini ya ngozi. Mengine yalikuwa bado na vidonda.

"Nimekuwa nikijinyoa kwa kupapasa," akasema. "Kesho uninyoe na mimi, mwanangu."

Shabu nimeiweka dirishani. Magadi nimeyarudisha karibu na chumvi. Wembe mpya nimeukausha, nimeufunga kwenye karatasi yake.

Je, mkono wangu utatulia juu ya kichwa cha mama kama ulivyotulia juu ya cha mwanangu? Tukitoka misa nitachemsha vitambaa, viwe vingi.