Msichana Aliyekataa Zamu Yake

Buffalo, West Side

Kaka Fideli mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako huko kambini hukatika kila tukifika penye utamu, na habari hii sitaki ikatwe. Dada mmoja wa Columbus anakuja Kigoma, atakukabidhi. Goti la Mama limepoa? Na kifua chako je? Sisi wazima. Theluji imefika madirishani, kazi ya ghalani inaendelea, na mgongo bado ni wangu.

Sasa kaa chini. Kaka, nimekuwa wewe!

Jumapili, baada ya ibada, mama wa kwaya walikuja kwangu kula. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, aliyekulia kambi ya wakimbizi Thailand kama sisi tulivyokulia Tanzania, alituazima filamu ya Kithai ya kutisha na kuchekesha. Vijana wanachokozana kwa zamu: wewe huwezi, mimi naweza. Wa kwanza anakula bakuli zima la pilipili. Wa pili analala ndani ya jeneza. Kila zamu inazidi iliyotangulia, na anayekataa ananyongwa na mzimu. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tena yanakimbia, mama zetu hawayawezi. Mama Jeremia akasema, "Zakaria we, si ndiwe uliyekuwa unambebea kaka yako spika alipokuwa akitafsiri filamu kwenye banda la video? Hebu tutafsirie!"

Nikashika mwiko, ukawa kipaza sauti. Nilitafsiri kama niliyezaliwa Bangkok! Ule mzimu niliupa sauti yako nzito, ile iliyokuwa inawakimbiza watoto bandani. Mama Jeremia alicheka mpaka kilemba kikaanguka.

Ikafika zamu ya msichana mmoja mwembamba. Akatikisa kichwa, hataki. Mzimu ukamjia. Mimi nikaona mtoto kama yule hawezi kufa nyumbani kwangu, nikatangaza: "Mzimu unasema, dada, umenishinda, nenda zako nyumbani!" Kwenye kioo anaburutwa kwa nywele, huku kwangu vigelegele.

Anjelina wangu, ana miaka kumi na minne sasa, akaniambia kwa Kiingereza kama kawaida yake, "Baba, sivyo. Anakufa."

"Kwangu hafi."

Hakucheka. Aliingia jikoni, nikamfuata, nikamkuta analia.

Kumbe wana mchezo huohuo, yeye na rafiki zake wawili wa shule. Walianza na kuvaa viatu visivyofanana darasani. Wakaja kuvuka barabara kubwa macho wamefumba. Jumamosi inayofuata ingekuwa zamu yake: atembee juu ya barafu ya ziwa mpaka asionekane kutoka ufukweni. Akikataa, ataitwa mwoga shule nzima. Barafu ile hupasuka bila kubisha hodi. Nilitaka kufoka na kufunga milango, lakini mtoto wa kufungiwa hutafuta dirisha, mimi na wewe tunajua. Nikampa mwiko.

"Narudisha filamu nyuma. Huyo msichana mtafsiri wewe."

"Kiswahili changu kibovu, Baba."

"Kwani Kithai changu kizuri?"

Akasimama mbele ya mama wa kwaya, akakohoa, akasema kwa sauti yako nzito, "Sitaki zamu hii. Waoga ni nyinyi, mnaogopa kuacha. Mimi naenda kula ugali." Nyumba ilitetemeka kwa makofi.

Lakini makofi ya mama wa kwaya si Jumamosi. Jumamosi asubuhi wale wawili waligonga, mmoja Mkongo, mmoja wa kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamsikia Anjelina akiyasema yaleyale, neno kwa neno, sauti ileile yako. Halafu yule Mkongo akauliza, "Ugali uko?"

Nilibandika maji mara moja.

Msalimie Mama, mwambie mjukuu wake anaongea Kiswahili. Msalimie shemeji, na shangazi wa Louisville akipiga simu huko mwambie sisi hatujambo. Anjelina anataka umfundishe kicheko cha mzimu. Kile, Kaka, mimi sijawahi kukiweza.

Mdogo wako, mbeba spika,
Zakaria