Sampuli Imeliwa

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwanza kabla sijaanza kulalamika. Hujambo? Kifua kimepoa? Unalala na soksi? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisemesha mvua ikikaribia, na yule kuku mweupe ameacha kutaga kwa jeuri tu, maana ugonjwa hana.

Kifurushi chako kimefika. Dereva wa lori alikileta mpaka mlangoni, akakipima mkononi akasema, "Mama, chepesi hivi, ametuma pumzi?" Nikafungua, kweli pumzi. Pakiti kubwa kama mto wa kulalia, ndani krispi za kujaza kiganja. Hilo nalo ndilo mnalofundishwa huko kiwandani?

Nimeonja zote tatu, na fundi cherehani wa chumba cha pili ni shahidi. Ile ya siki imenikunja uso mpaka fundi akauliza kama nimepata habari ya msiba. Ile ya jibini na kitunguu inanuka kama kiatu, lakini nikashtukia nimeimaliza, kwa hiyo ile sisemi kitu. Ila hii ya kuku wa kuchoma, mwanangu! Nimeazima miwani ya fundi nikasoma mgongo wa pakiti herufi moja moja. Kuku hayumo. Hata unyoya. Mtu anawezaje kutumia jina la kuku ambaye hakuguswa?

Sasa tuje kwenye neno langu. Barua yako ina kurasa mbili. Mimi nimo mara mbili, pale juu na pale chini. Mama Mkubwa yumo mara tisa. Nimehesabu kwa punje za maharage, nikarudia. Mama Mkubwa kasema, Mama Mkubwa kanifundisha, Mama Mkubwa ana ulimi wa ajabu. Mimi ni mtoto wa pekee kwa mama yangu, dada sina. Huyo mama mkubwa wako kazaliwa lini, na nani, mbona mimi sikupewa habari?

Sina wivu. Nauliza tu. Na usinijibu kwa simu, maana nikisikia sauti yako nasahau nilichokasirikia.

Vaa soksi.

Mama yako wa kukuzaa


19 Machi

Mama yangu wa kunizaa,

Shikamoo. Kifua kimepona, soksi navaa, kuku mchinje.

Mama, umenichekesha mpaka mwenzangu wa chumba akadhani nina barua ya mchumba. Mama Mkubwa ni jina la kazi tu. Kila mtu anamwita hivyo, hata meneja, kwa sababu ndiye mkuu wa chumba cha kuonja na ameonja miaka thelathini. Chumba chenyewe ni cheupe, hakina dirisha, na meza imegawanywa kwa mbao ili usione uso wa mwenzako ukaiga. Marashi marufuku. Sabuni ya harufu marufuku. Unafumba macho, anakuwekea krispi moja ulimini, unatafuna mara kumi na mbili, unatema kwenye kikombe, unasukutua kwa maji ya uvuguvugu, halafu unaandika. Kumeza ndiyo dhambi kubwa. Anasema aliyeshiba ulimi wake hudanganya.

Kuna jambo, Mama, na ni kubwa. Kiwanda kinatafuta ladha mpya. Tuko vibarua wanne, kila mmoja alete ya kwake tarehe 18 Aprili. Itakayopita, mwenyewe anaajiriwa moja kwa moja. Watatu wanarudi makwao.

Tuliulizwa ladha gani hatujaisahau tangu utoto. Nikasema zako, zile ulizouza pale getini mwa shule, zimesokotwa kwenye gazeti, mpaka wino unabaki vidoleni na wino wenyewe unaulamba. Nikasema ulivyokuwa ukiniwekea zilizovunjika chini ya beseni, zile zilizolala kwenye unga wa ndimu na pilipili, nazila nikirudi nyumbani mguu mmoja barabarani mmoja mtaroni. Watu wanaotema kutwa, Mama, walimeza mate.

Lakini sijui ulikuwa unazitengenezaje! Kila nikisogelea jiko ulinifukuza kwa mwiko. Niandikie yote, mwanzo mpaka mwisho, tafadhali.

Na usihangaike kuhusu chakula changu. Jumapili nakula kwa Mama Mkubwa, anajua kupika.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo kipenzi changu? Mimi sijambo sana, nashukuru kwa kila kitu. Nimefurahi kusikia unashiba Jumapili. Mimi Jumapili nilikula mkate na chai nikitazama kiti chako. Si neno. Wewe shiba tu.

Haya, andika. Chukua viazi vikubwa vyenye ganda jembamba. Kata vyembamba mpaka ukikiweka kipande kiganjani uone mistari ya mkono. Osha maji matatu mpaka yaache weupe. Kausha kwa kitambaa, kipande kimoja kimoja, usiwe mvivu. Mafuta yapate moto sawasawa, kaanga kidogo kidogo, usijaze karai kana kwamba unalisha jeshi. Ukishaepua, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi na pilipili ya kusaga.

Basi. Hakuna kingine. Na bingwa wako akiuliza, mwambie mama kasema hakuna kingine.

Wanakuwekea chakula mdomoni umefumba macho? Mtu mzima wewe? Mimi nilikulisha hivyo ulipokuwa na surua, na hukuwahi kumwandikia mtu barua.

Mama yako


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo.

Imekuwa aibu. Maji ya ndimu yalilowesha krispi zote, zikalegea kama karatasi iliyonyeshewa. Nilirudia mara tatu, mara tatu zikalegea. Meneja alishika moja kwa ncha, ikainama, naye akaangalia pembeni kwa adabu.

Mama Mkubwa akaomba karatasi yako. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Aliyekuandikia hii aliandika huku amefunika sufuria." Mbele ya watu wote! Nikamwambia mama yangu si mtu wa hivyo, mama yangu angenipa hata figo, na yeye asiye na mtoto hawezi kujua. Nilisema hivyo, Mama. Neno limeshatoka, haliwezi kurudi. Tangu siku hiyo ananisemesha ya kazi tu. Jumapili nakula mkate.

Hakuna ladha iliyopita siku ile, kwa hiyo wametupa nafasi ya mwisho, tarehe 15 Mei. Labda kuna kitu ulisahau. Umeacha kuuza miaka saba sasa, kusahau si kosa. Fikiri tena, Mama. Nakuomba.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Leo sisalimii, salamu nitaziweka mwisho kama nitakuwa bado na uso.

Barua yako ilifika siku sita zilizopita. Sikujibu kwa sababu maganda ya ndimu yanataka siku sita juani, na sikutaka kukuandikia mikono mitupu.

Sikusahau. Nilifunika sufuria.

Ndimu haikamuliwi juu ya krispi, hata mwendawazimu anajua. Unaparua ganda la kijani peke yake, weupe wa ndani ni uchungu uache, unalianika kwenye ungo juu ya bati siku sita, unaliingiza ndani kila umande ukikaribia. Likikatika kama jani kavu unalitwanga na chumvi na pilipili mpaka uwe unga. Unaunyunyiza krispi zikiwa zimetoka kwenye mafuta sasa hivi, zinalia, maana zikipoa hazishiki kitu. Unga wenyewe umo kwenye kikopo hiki alichokuletea dereva. Unatosha bakuli moja. Ndimu za msimu huu ni chache, nimezunguka mtaa mzima.

Kwa nini nilifanya? Nimejiuliza nikitwanga. Nilikufukuza jikoni kwa mwiko ili usijue, hiyo ni kweli na siijutii. Nilisema huyu akijua atakuja kukaa getini na beseni kama mimi, jua la saa sita, walimu wanakuita "we mama krispi". Nilitaka usome. Umesoma, umekwenda, na huko ulikokwenda umemkuta mwanamke mwingine anakufundisha kula. Kula! Kitu ambacho nilidhani hicho kimoja nimekumalizia. Nikasema moyoni, hiki hapati. Sikuona kwamba anayenyimwa ni wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa hii yangu.

Umenitetea na mimi nilikuwa na kosa. Hilo ndilo limeninyima kula, si goti.

Sasa fanya hivi. Barua hii msomee huyo mama, yote, usiruke hata mstari, hata pale nilipomsema. Umwombe radhi kwa lile neno la kukosa mtoto. Lile halikuwa lako, ulilitoa kwa ajili yangu.

Hujambo lakini?

Mama


17 Mei

Mama,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma mara moja nikaitia chini ya godoro. Siku nne sikuigusa. Nilikuwa na hasira, sitakuficha. Nilikuwa nikiamka naongea na wewe kwa sauti kubwa huku napiga mswaki.

Siku ya tano nikaenda kwa Mama Mkubwa. Sikuingia, nilimsomea nimesimama mlangoni. Nilipofika pale pa "mwanamke mwingine" nikajaribu kuruka mstari, akasema, "Soma, usiruke kitu." Nikamaliza, nikamwomba radhi. Akazungusha kitasa, akasema, "Mimi ningekuwa na binti ningefunika sufuria na mlango juu yake." Akanipakulia chakula.

Tarehe 15 nilikaanga mwenyewe kwenye jiko la chumba cha majaribio. Nikanyunyiza zikilia, kama ulivyosema. Mama Mkubwa huonja kwanza kabla ya wakubwa. Akafumba macho, akatafuna. Kikombe kilikuwa mkononi. Mama, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Akafumbua macho akaniangalia kama mwizi aliyekamatwa, akachukua nyingine. Nikachukua na mimi. Wale vibarua watatu wakaja. Tulikuwa tunatafuna tu kama mbuzi.

Wakubwa walipoingia, bakuli lilikuwa na chenga tu. Meneja akauliza, "Sampuli iko wapi?" Mama Mkubwa akajifuta midomo akasema, "Imeliwa. Andika hivyo hivyo." Meneja akadhani ni mzaha. Mama Mkubwa akamwambia, "Miaka thelathini nimekuandikia nzuri, mbaya, ongeza chumvi, punguza. Hii niandikie imeliwa." Meneja akachovya kidole kwenye chenga. Akachovya tena.

Naajiriwa tarehe mosi Juni. Wanataka unga wako usagwe hapa. Nimewaambia sitoi mpaka uniruhusu kwa maandishi.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu mpenzi, mfanyakazi,

Hujambo, hongera, nimepiga kigelegele mpaka fundi akajichoma sindano.

Ruhusa hii hapa: nakuruhusu, unga ni wako. Wasiuite wa kuku.

Lakini nikuulize. Bakuli zima? Mimi nilizungukia ndimu zile mtaa mzima kwa ajili yako, na wewe unaniambia yeye ndiye aliyetangulia, akarudia, na chenga akala meneja. Wewe ulikula ngapi? Nijibu kwa hesabu.

Na huyo mama, alipokuwa anatafuna, alisema chochote? Pilipili aliionaje? Mtu wa miaka thelathini hawezi kula bakuli zima asiwe na neno. Wewe huwezi kunieleza vizuri, wewe ni mtoto. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne na kushonwa uzi. Ni yake. Usiifungue, fundi ameshona kwa mshono wake, nitajua.

Mama yako


30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, kama kuna anayeuliza.

Hii ni bahasha ya sita napokea kutoka kwako ambayo ndani yake hamna kitu changu ila kijistari "mpe mwenzangu". Mwenzako! Nampa. Anakwenda kusomea stoo, kwenye magunia ya viazi, anacheka peke yake. Juzi nimemuuliza, "Mama yangu kasema nini?" Akakunja karatasi akatia kifuani, "Mambo ya watu wazima." Jana kaja na krispi alizokaanga nyumbani kwake, zina kitu sikijui, nikamuuliza ni nini. Akasema muulize mama yako, na nikikuuliza najua utasema nimuulize yeye.

Nasikia unakuja Oktoba. Nimesikia kwake. Nasikia utafikia kwake pia, kwa sababu jiko lake ni kubwa na mna jambo la kujaribu. Mimi nina kitanda, Mama. Nimenunua godoro la pili tangu Julai na sikukuambia kwa sababu nilikuwa nasubiri uniulize.

Nimezihesabu barua zako za mwaka huu. Zangu nne, zake saba.

Sina wivu. Lakini njoo ufikie kwangu.

Mwanao, wa kuzaa