Upele wa Adan

Kimbo, Ruiru
Agosti 1996

Dada Fatu,

Natumaini hamjambo huko Ngoliba. Mahindi yako yalifika, na duka nimelifungua tena.

Unaandika kwamba moto ndio uliotunyang'anya Safaa wangu. Hapana, dada. Uji wa moto ulimchoma thuluthi ya mwili, lakini vidonda vilikuwa vimeanza kufunga. Alipotoka hospitali, daktari alituambia sote, nawe ukiwepo: mtoto aliyeungua hivyo, kinga yake imeisha, hata tetekuwanga inaweza kumuua. Wageni wangoje.

Wewe ukaja na mwanao Adan. "Mgonjwa hutembelewa, Yahya. Ama siku hizi umekuwa Mzungu?" Nikauliza, na huo upele shingoni mwake? Ukacheka: "Hao ni mbu wa Ngoliba."

Watoto walilala kitanda kimoja, wakicheka chini ya blanketi. Adan alijikuna wiki moja, akapona. Safaa hakupona.

Sasa unasema Adan anauliza kila siku Safaa atakuja lini. Wewe sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini huyo ana miaka sita, na alimpenda.

Yeye mwambie ni moto.

Ndugu yako,
Yahya