Mguu wa Mzee Beda ni Mzima

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kwa jambo nililolimeza siku kumi na moja na bado limenikwama kooni. Mimi ni katibu wa kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Chanzuru, nina miaka thelathini na minne, na kijijini kwetu nikisema nasikilizwa, na hilo ndilo lililoniponza.

Tuna Landrova ya zahanati, na dereva wake ni Mzee Beda, ambaye amewapeleka wajawazito na wagonjwa wetu hospitali ya Kilosa tangu kabla kijiji hakijaandikishwa, masika na kiangazi, na kila mtu anamjua kwa desturi yake moja, kwamba akiingia garini huvua kiatu cha kushoto akakiweka chini ya kiti, akaendesha na kiatu kimoja, kwa sababu anasema klachi huzungumza na unyayo, haizungumzi na ngozi ya ng'ombe. Wagonjwa husema ukipanda gari la Mzee Beda hujui limeondoka saa ngapi.

Baada ya Pasaka tulikwenda naye Mikumi kuchukua dawa, watu wanane nyuma, tukakuta gari moja katika yale magari madogo ya mashindano ya mbio yanayopita huku kila Pasaka limeziba njia ya kuingilia shuleni, dereva wake Mzungu ameteguka bega, fundi wake amempeleka hospitali, ufunguo umeachwa kwa mwalimu, na mwalimu anaomba mtu mwenye leseni alisogeze hatua hamsini tu, basi sisi wenyewe tukamsukuma Mzee Beda mbele kwa majivuno, tukisema dereva ndiye huyu. Akavua kiatu chake akaingia. Mshauri, gari likazima. Akaliwasha, likazima tena. Mara ya nne Bi Domina, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akapaza sauti: "Mzee Beda, hilo si mgonjwa, usilibembeleze!" Watu wakacheka, na mara ya tano gari likaruka kama chura, likagonga lundo la matofali ya shule. Matofali yakaporomoka, hakuumia mtu, lakini mzee alitoka mle jasho likimtiririka, akaenda moja kwa moja kwenye Landrova akaturudisha nyumbani.

Kwenye mkutano wa kijiji niliyesimama ni mimi. Nilisema mguu wa mzee umekwisha, nikasema leo ni matofali, kesho ni mama mwenye uchungu, nikasema kwa niaba ya kamati kwamba ufunguo apewe Filipo, dereva wetu wa trekta, na mikono ikanyooshwa. Mzee Beda alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akasema, "Kama mguu umekufa, vizuri mmeniambia."

Sasa siku kumi na moja zilizopita nilirudi Mikumi kwa shughuli za kijiji, nikalikuta gari lile bado linamsubiri mwenyewe apone, na fundi wake, jina lake Yeremia, analifuta vumbi. Nikamsimulia jinsi mzee wetu alivyotaka kuliua gari lake na jinsi nilivyomnyang'anya ufunguo. Hakucheka. Akaniuliza, "Katibu, wewe unaendesha?" Nikamwambia Landrova ile huwa naishika mimi mzee akiugua. Akanifungulia mlango: "Ingia basi." Mshauri, klachi ile ni kama kusukuma ukuta kwa mguu, na ukiiachia husikii kitu, husikii kitu, halafu ndani ya upana wa kidole imekamata yote kwa mpigo na injini imekufa. Nilizima mara sita. Yeremia akaegemea mlango akaniuliza, "Na wako nao umekufa?"

Nilifurahi nusura nilie, kwamba mzee wetu ni mzima, nikarudi njia nzima nikiimba, lakini kufika kijijini nikamkuta amekaa barazani amevaa viatu vyote viwili. Nikamwambia shikamoo, akaniitikia marahaba kama siku zote, nami nikamuuliza habari za mvua nikaenda zangu. Mkewe, Mama Sesilia, humsugua mguu kwa mafuta ya nyonyo, na ameniletea karatasi niisaini ili apelekwe hospitali kubwa Morogoro, imeandikwa kwamba mguu wa kushoto umepoteza nguvu. Na yeye mwenyewe ameamini, nimemwona nyuma ya nyumba akijipima kwa kusimama na mguu mmoja. Hata Filipo ameniambia, "Katibu, mimi ni mtu wa trekta, wagonjwa wanapiga kelele kila nikiondoa gari." Lakini nikisema nilikosea, na kwamba mimi nilizima mara sita, Bi Domina atanitungia wimbo, na nani atanisikiliza tena nikihimiza shamba la pamba la pamoja? Je, haitoshi nikitangaza tu kwamba kamati imebadili uamuzi?

Katibu Mwenye Aibu, Kilosa

*

Ndugu Katibu,

Kwanza nipumue. Nilipofika kwenye mguu uliokufa nilidhani unaniletea msiba, na nilipofika kwa Yeremia nikapiga meza kwa furaha mpaka chai ikamwagika. Mzee ni mzima! Halafu nikahesabu siku zako kumi na moja, na furaha yote ikageuka hasira. Dawa ya mtu umeiweka mfukoni siku kumi na moja, na yeye anasuguliwa nyonyo?

Uliambiwa kwa vitendo, sasa nikuambie kwa maneno. Gari la mashindano lina injini kali, na klachi yake imefungiwa springi ngumu ili isiteleze injini inapovuta kwa nguvu zote. Ndiyo maana ni nzito mguuni na hukamata kwa mkato. Injini yenyewe imepunguzwa uzito, haivumilii kunyata, inataka mafuta ya kutosha na mguu wenye haraka. Landrova ni kinyume chake. Klachi yake ina safari ndefu, inakamata kidogo kidogo, na injini yake nzito huendelea kuzunguka hata dereva akikosea. Imeundwa kwa matope, magunia na wagonjwa.

Sasa fikiri, wewe unayesikilizwa. Ule unyayo unaoachia klachi polepole hata mgonjwa asijue gari limeondoka, ndio huohuo uliolizima gari la mbio. Mzee Beda alilibembeleza kama anavyombembeleza mama mwenye uchungu. Mlimvua kazi kwa sababu ya ustadi wake! Na aliyemsukuma kwenye kiti kile ni nani? Ninyi, kwa majivuno yenu.

Unaniuliza kama kamati inaweza kubadili uamuzi. Nimesoma vitabu vya siasa mpaka macho yameanza kunidai miwani, na sijakuta ukurasa unaosema kamati ina mguu. Kamati haikukaa kwenye kile kiti. Kamati haikuzima mara sita. Nchi hii itachoka mapema sana kama kila mwenye kosa atajificha nyuma ya "sisi", na kila mwenye sifa atajitokeza na "mimi".

Ama aibu, njoo tugawane. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru nilikuwa karani katika shamba la mkonge huko Kimamba. Meneja alikuwa na gari la mbio, jekundu, na siku moja akaniachia nilitoe kivulini mbele ya wakata mkonge wote. Nililizima mara saba. Niliwaambia petroli ilikuwa na maji, na uongo huo nimeulinda mpaka leo asubuhi niliposoma barua yako. Haya, petroli ilikuwa safi. Nimeandika gazetini na bado napumua.

Karatasi ile ichane. Nenda kwa Mzee Beda kabla ya mkutano, maana mtu hastahili kusikia habari za mguu wake mbele ya umati mara ya pili. Mpe shikamoo, kaa chini, mweleze kila kitu, mkewe akisikia. Kisha itisha mkutano, simama mbele ya meza ileile, useme "mimi", na useme sita, usiseme "mara kadhaa". Bi Domina akitunga wimbo, uimbe naye. Pamba italimwa vizuri zaidi na watu waliomsikia katibu wao akikiri kuliko na watu wanaomwogopa. Filipo arudi kwenye trekta yake kwa shukrani, na ninyi wanane mwende Mikumi mkapange matofali ya watu.

Ufunguo umpe mzee wewe mwenyewe, mkononi. Usingoje akukumbatie wala akuambie yamekwisha. Panda nyuma pamoja na wagonjwa na utazame miguu yake. Akivua kiatu cha kushoto akakiweka chini ya kiti, funga mdomo wako utulie. Hutajua gari limeondoka saa ngapi.