Kituo cha Saba

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui. Mimi mzima wa afya, na kwa kuwa simu yako imekufa na hutaki nyingine, ngoja nijisifu kwa kalamu: nimepata kazi!

Usicheke lakini. Natembeza wageni mtaa wa kale kuwaonyesha mizimu. Ndiyo, mizimu. Tunaanza saa kumi na moja jioni mbele ya posta ya zamani, watu ishirini mpaka thelathini, mimi nimevaa koti jeusi refu kama mchimba makaburi aliyefanikiwa maishani. Nashika taa ya chemli, ila ndani wametia balbu. Vituo tisa, kila kituo na nyumba yake, kila nyumba na marehemu wake. Bosi anasema nina sauti. Si ulikuwa ukisema domo langu litaniponza? Basi limeniajiri.

Wewe si uliishi huku kabla sijazaliwa? Nitafutie visa. Vya bosi vingine vimechacha.

Mwanao mpiga domo


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, halina nia ya kuhama. Nimefurahi umepata kazi, ingawa kutisha watu wazima kwa koti sijui niwaeleze vipi majirani. Nitasema uko kwenye utalii, wasiniulize zaidi.

Visa sina. Niliishi huko miaka michache tu. Nakumbuka mzee mmoja fundi saa aliyekuwa akizigombeza saa zake, na zile ngazi za mbao zisizo na pa kushika. Hao si mizimu.

Hebu niambie, mnapita uchochoro wa mafundi saa? Mkifika hapo mnasema nini? Nauliza tu.

Vaa soksi, hayo mawe yana baridi.

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Huku salama, soksi nimevaa, usiniandame.

Umejuaje! Uchochoro wa mafundi saa ndicho kituo cha saba, na ndicho kinachotulisha. Kuna dirisha la juu liliungua, mpaka leo halijazibwa. Nawasimamisha chini yake, halafu natoa ufunguo mfukoni na kuuchezesha. Nawaambia: hapa aliishi Bibi Ufunguo. Alimfungia mtoto ndani kwa kufuli akaenda zake kwa mwanamume. Nyumba ikashika moto. Aliporudi ananukia marashi, mtoto hayupo tena. Alikufa kwa kihoro, na hadi leo anazunguka uchochoroni na ufunguo wake.

Wee, wanalia! Juzi baba mmoja wa kitambi alinishika mkono, hakuniachia mpaka kituo cha nane.

Nijibu upesi.

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi. Hii nimeiandika na kuichana sijui mara ngapi.

Yule mwanamke ni mimi.

Sikwenda kwa mwanamume. Nilikwenda zahanati kuchukua dawa ya kaka yako, alikuwa na homa. Ndiyo, ulikuwa na kaka. Hakuwa ametimiza miaka minne. Kufuli nilifunga kwa sababu ya zile ngazi, maana alishaanguka mara moja akapasuka kidevu. Foleni ilikuwa ndefu. Chini yetu palikuwa na stoo ya rangi. Niliporudi ngazi zilikuwa zinawaka, na wanaume wanne wakanishika nisipande.

Tulikuwa na mchezo wetu. Nikiwa nje ya mlango naita, "Upo?" Naye anaitika, "Nipo!" Basi nikaita pale chini ya dirisha, ajue mama amerudi. Akaitika. Nikaita tena, akaitika. Mara ya tano hakuitika.

Hata marehemu baba yako hakuujua mchezo huo. Nimekuambia wewe peke yako.

Sikulaumu, hukujua. Sasa umejua. Nitoe kwenye matembezi yenu, mwanangu. Mimi sijafa. Niko hapa jikoni, nimebandika chai.

Mama yako


6 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nimelia mpaka mwenzangu wa kazini, yule tunayemwita Kipaza, akadhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Nisamehe. Nikikumbuka nilivyokuwa nikiuchezesha ule ufunguo natamani ardhi inimeze. Nimemwambia bosi siku hiyo hiyo na amekubali. Kituo cha saba hakipo tena, tunapita barabara ya juu moja kwa moja mpaka cha nane. Naapa, mama. Hutasikia tena.

Mwanao anayekupenda


15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ahsante. Nimelala usingizi niliokuwa nimeusahau, mpaka jirani akaja kugonga kuona kama ningali hai.

Mungu akuzidishie.

Mama yako


3 Julai

Mwanangu,

Hujambo. Mimi sijambo kidogo.

Jumamosi nilipanda basi nikaja. Nilitaka nikushtukize, nikuone kazini, halafu twende tukale mahali. Nikakata tiketi kama wenzangu, nikajitanda mtandio, nikasimama nyuma kabisa. Una sauti kweli, bosi wako hakukosea. Kituo cha pili nilicheka mpaka nikajisahau.

Kisha mkakata kushoto, uchochoro wa mafundi saa.

Ukatusimamisha chini ya dirisha. Ukasema mama yule aliita, "Upo?" Ukatufundisha kuitika. Watu thelathini, "Nipo!" Mara ya kwanza hawakutoa sauti, ukawaambia wakaze, mtoto anaungua. Wakacheka. Mara ya tano ukaweka kidole mdomoni, wote wakanyamaza kimya. Umelipanga vizuri, siwezi kusema uongo.

Halafu ukanimulika na ile taa ukasema, "Mama, sogea karibu, usiogope." Nikadhani umenijua. Nikafungua mdomo nikujibu. Kumbe ndivyo unavyowaita wanawake wote. Ukanipa mgongo, mkaendelea na safari yenu.

Mimi nilibaki pale mpaka mkatokomea.

Mama yako


9 Julai

Mama,

Shikamoo. Sina uso wa kukuandikia.

Bosi hakukubali. Alisema kituo cha saba kikiondoka na mimi niondoke, nikaogopa kibarua kuota nyasi. Nikakudanganya. Nikajiambia uko mbali, hutajua, kwa hiyo hutaumia. Mwanzoni nilisimulia kisa kile cha zamani, nacho nilikisimulia kwa aibu, vibaya, wageni wakawa wanapiga miayo. Jioni moja neno likanitoka tu: "Upo?" Wakashtuka wote. Kesho yake nikalirudia. Nilijua ninachofanya, mama. Nilijua na nikafanya.

Nijibu, hata kama ni matusi.

Mwanao


2 Agosti

Mama,

Shikamoo. Hujajibu, na sikulaumu.

Wiki iliyopita nilisimama chini ya dirisha nikawaeleza wageni ukweli, kuwa mama yule alikwenda kuchukua dawa, kwamba yu hai, kwamba ni mama yangu. Wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Bosi hakudhani hivyo, akanivua koti palepale.

Sasa koti analo Kipaza. Nilijificha kwenye mlango wa fundi saa nikamsikiliza. Anawaitisha vilevile, kwa sauti kunishinda. Nilimsihi bosi ayafute maneno yale, akaniambia yameshapigwa chapa kwenye mwongozo, ni mali ya ofisi, na kwamba niliyaleta mwenyewe. Kweli niliyaleta mwenyewe.

Nimezisoma tena barua zako zote. Umeandika "kaka yako", umeandika homa yake na kidevu chake. Jina hujaandika. Na mimi nilikuuliza visa, nikakuuliza goti, jina la ndugu yangu sikuuliza. Nimekaa na hilo siku tatu, sili. Aliitwa nani, mama?

Mwanao


19 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote nimezipata. Mimi ni mzima.

Hilo uliloniuliza sitakupa. Nililokuwa nalo lingine lote nilikupa, na lote linapigiwa makofi uchochoroni. Jina lake peke yake halijatajwa pale. Usiniulize tena, si kwa barua wala ukija.

Tafuta kazi. Kula.

Mama yako