Tonge Alilonyakua Buchi

Mulualem,

Buchi nimemfunga uani. Usimfungulie wakati wa kula, hata akilia kama aliyefiwa. Bakuli lake liko huko huko nje.

Nilikukanya mfungo mzima: usimlishe mtoto wa mbwa kwa mkono, atadhani kila tonge ni lake. Ukanijibu, "Mwache, naye ni wa nyumbani."

Haya, leo Pasaka. Aba Tekle kamaliza kubariki chakula, kakunja tonge la mkate wa injera na kuku, kaliinua amlishe mama yako. Buchi karuka, kalinyakua mkononi mwa kasisi! Wewe ukacheka. Mama yako akanigeukia mimi: "Mke gani huyu, hata mbwa kamshinda?" Nawe ukajilamba vidole tu.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi kesho.

Sufuria ya kuku usihangaike kuitafuta. Nimekwenda nayo kwa dada yangu, na mayai yote yaliyomo. Jikoni kuna mchuzi wa dengu, ule ule tuliokula mfungo mzima. Upashe moto, ule Pasaka yako.

Paja moja nimemwachia Buchi bakulini. Yeye hakukanywa.

Mama Tsigereda